9mm, .45 au .380: nguvu ya risasi kwa sisi tunaobeba bastola katikati ya watu

Mwalimu wa Shabaha, Nakuru

Hamjambo wote. Uwanjani kwetu haipiti wiki bila mtu mwenye cheti kipya kuniuliza kaliba gani, yaani risasi ya upana gani, ina nguvu zaidi. Wengi huwa wameshashauriwa na shemeji au rafiki wachukue kubwa kuliko zote dukani. Nimeona niandike kwa kirefu mara moja, nikiulizwa tena nimtume mtu hapa. Nawaandikia wenye leseni na wanaosubiri jibu la Bodi ya Leseni za Silaha. Asiye na cheti, hata risasi moja mfukoni ni kosa chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na uzi huu haumhusu.

Nishati ya risasi inapotoka mtutuni ni nusu ya uzito wake, mara kasi, mara kasi tena. Hupimwa kwa jouli. 9mm ya kawaida ina kichwa cha gramu 8 kinachokwenda mita 340 au 350 kwa sekunde, na hapo unapata jouli 450 hadi 500. .45 ACP ina kichwa cha karibu gramu 15, lakini huenda taratibu, mita 255 hivi kwa sekunde. Piga hesabu, utapata jouli 480 na kitu. Zisome tena hizo mbili. .40 S&W iko juu kidogo, 520 na ushee. .380 ACP ya zile bastola ndogo za mfukoni iko 260 au 270. .38 Special ya rivolva hufika 280 kwenye mtutu mrefu, na hushuka ukibeba ile ya mtutu wa inchi 2. .32 ACP, bastola za kizamani, ni 175 tu. Inayopaa peke yake ni .357 Magnum, ambayo hupita 700 kwenye mtutu wa inchi 4, na mlipuko wake ndani ya chumba ni adhabu kwa masikio ya kila aliyemo.

Sasa ziweke kando ya bunduki ndefu. AK-47 hutoa kama jouli 2,000. G3, ambayo askari wetu wameibeba miaka mingi, hupita 3,000. Ukitazama hivyo unaona bastola zote ni kundi moja la wanyonge, na ubishi wa 9mm na .45 ni wa ndugu wawili wanaopimana urefu wakiwa wamesimama chini ya mkuyu.

Kwa hiyo jouli peke yake haikuchagulii bastola. Linalokuchagulia ni maswali matatu: je, kichwa cha risasi kinaingia kwa kina cha kutosha? Je, wewe unaweza kupiga pale unapolenga, haraka, ukiwa na hofu? Na je, risasi ikikosa au ikipita, inaishia wapi? Hilo la tatu ndilo nitakalolirudia hadi mchoke, maana hatuishi kwenye mbuga. Tunaishi Kaptembwo, Free Area, Kondele, Nyalenda, ukuta wa jirani ndio ukuta wako.

Kuhusu kina. Tarehe 11 Aprili 1986 kule Miami, Marekani, maafisa wa FBI walipambana na majambazi wawili wa benki. Maafisa wawili waliuawa na watano wakajeruhiwa. Mmoja wa majambazi, Michael Platt, alipigwa mapema na risasi ya 9mm iliyopita mkononi, ikaingia kifuani na kusimama karibu na moyo bila kuufikia. Jeraha lile lingemuua, lakini aliendelea kupigana kwa dakika kadhaa na kufanya madhara makubwa. Baada ya hapo FBI waliacha kuuliza risasi ina jouli ngapi, wakaanza kupima inaingia kiasi gani kwenye jelatini ya asilimia 10, jeli inayoiga nyama ya mwili, bila kizuizi na ikiwa imepitia nguo nzito, mbao, bati na kioo cha gari. Wanachotaka ni inchi 12 hadi 18, yaani sentimita 30 hadi 45. Pungufu ya hapo haifiki. Zaidi ya hapo inatoka upande wa pili.

Waliijaribu 10mm, ikawashinda wengi kwa teke, yaani msukumo unaorudi mkononi. Mwaka 1990 ikatoka .40, nao wakaishia kuitumia. Katikati ya miaka ya 2010 wakarudi kwenye 9mm ile ile, kwa sababu vichwa vya risasi vilikuwa vimeboreshwa kiasi kwamba 9mm, .40 na .45 zilifanana kwenye jelatini, huku maafisa wakipiga haraka na kwa usahihi zaidi wakiwa na 9mm. Ndiyo maana nikiulizwa nawaambia 9mm, na nasema hivyo bila kusita.

Msafirishaji, Kisumu

Mwalimu, heshima zako, lakini hapo kwenye .45 nakupinga. Marehemu mjomba alikuwa nayo miaka mingi na siku zote alituambia: mtu akipigwa na .45 anarushwa nyuma, hata ikimpata begani. Jeshi la Marekani si wajinga, waliitumia miaka zaidi ya sabini. Mimi husafiri usiku kati ya Kisumu na Busia, na nataka kitu cha kumaliza neno mara moja.

Mwalimu wa Shabaha, Nakuru

Ndugu Msafirishaji, mjomba apumzike kwa amani, na .45 ni risasi nzuri. Ila hilo la kurushwa nyuma haliwezekani. Msukumo ni uzito mara kasi. Gramu 15 mara mita 255 zinakupa kama 3.8, kwa kilo na mita kwa sekunde. Ukiugawa kwa mtu wa kilo 76, anasogea kwa kasi ya sentimita 5 kwa sekunde, kasi ndogo mno hata kuliko ya mtu anayetembea taratibu. Tena msukumo ule ule, na zaidi kidogo kwa sababu ya gesi ya baruti, ndio unaorudi kwenye mkono wako. Kama ungemrusha yeye, ungekurusha wewe kwanza.

Sifa ya .45 ina historia yake. Askari wa Marekani walipokuwa Ufilipino mwanzoni mwa karne iliyopita walilalamika kwamba .38 Long Colt haiwasimamishi wapiganaji wenyeji waitwao Wamoro. Mwaka 1904 maafisa wawili wa jeshi hilo, Thompson na LaGarde, wakafanya majaribio kwa maiti na ng'ombe wa machinjio ya Chicago, wakapendekeza kaliba isiyopungua .45. Mbunifu wa silaha John Browning akatengeneza risasi, na bastola ikaingia jeshini 1911. Lakini tazama waliilinganisha na nini: ile .38 ya zamani ilikuwa hafifu kuliko 9mm ya leo kwa mbali. Na mwaka 1985 jeshi hilo hilo lilichagua Beretta ya 9mm.

Unachopata kwa .45 ni kipenyo: milimita 11.5 dhidi ya 9. Unacholipa ni teke zaidi kwa theluthi moja, na magazini, lile kasha la risasi, ya 7 au 8 tu kwenye bastola za mtindo wa zamani, wakati Glock 19 inachukua 15 na Ceska nyingi za ukubwa kamili 15 au 16. Kama mkono wako umezoea .45 ya mjomba na unaipiga vizuri, kaa nayo, sitakunyang'anya. Ila usimnunulie kijana wako kwa ajili ya hadithi ile.

Askari Mstaafu, Eldoret

Namuunga mkono Mwalimu. Katika kazi niliona watu waliopigwa na wakakimbia, na wengine waliopigwa na kitu kidogo wakakaa chini. Huwezi kupanga. Mtu akiwa amelewa au ana hasira, bastola yoyote itakuangusha kama ulitegemea risasi moja. Ndiyo sababu tunafundishwa kutazama: bado ni hatari au amekoma? Akikoma, nawe unakoma. Kifungu cha 17 cha Kanuni ya Adhabu kinapeleka suala la kujilinda kwenye misingi ya sheria ya Kiingereza, na hapo utaulizwa kama nguvu uliyotumia ililingana na hatari iliyokuwapo. Hakimu hatakuuliza kaliba. Atakuuliza kwa nini risasi ya tatu ilimpata akiwa amekupa mgongo.

Na faida nyingine ya 9mm ambayo Mwalimu hakuitaja: hapa kwetu Eldoret kuna kiwanda cha Kenya Ordnance Factories, kilichoanzishwa 1997, na 9mm ni miongoni mwa kaliba zinazotengenezwa hapo. Polisi wetu wanatumia 9mm. Dukani utaikuta. Mwenye kaliba ya ajabu huishia kubeba risasi alizonunua zamani na hafanyi mazoezi kwa kuogopa kuzimaliza. Silaha isiyopigwa ni mzigo.

Mama Duka, Kiamunyi

Asanteni wazee. Mimi ni mama wa duka la jumla na wakala wa pesa, na jioni natembea na fedha. Viganja vyangu ni vidogo. Kwenye duka la silaha nilionyeshwa .380 ndogo sana ya kuingia kwenye pochi, na rivolva ya .38 ya risasi tano. Muuzaji aliniambia kwa mwanamke zote mbili zinafaa kwa sababu hazipigi teke. Mwalimu unasemaje?

Mwalimu wa Shabaha, Nakuru

Mama Duka, umeuliza lile ambalo watu hukosea sana. Teke halitoki kwenye kaliba peke yake, linatoka kwenye kaliba ikigawanywa kwa uzito wa bastola. .380 ina msukumo wa 1.8, mdogo kuliko 2.8 ya 9mm. Lakini ukiiweka kwenye kibastola cha gramu 300, chenye mpini wa kushikwa kwa vidole viwili, kitakuchapa kiganja kuliko 9mm ya gramu 700 inayojaa mkononi. Zile rivolva nyepesi za mtutu wa inchi 2 ndizo mbaya zaidi: triga ndefu na nzito, vilengeo vidogo, na teke kali. Muuzaji anaziita za wanawake, mimi naziita za mafundi. Aliyezipiga kwa miaka mingi ataziweza. Anayeanza atapiga risasi tano, aumie, aiweke kwenye droo.

Kuna shida ya pili kwenye .380. Ikiwa na kichwa chenye tundu nchani, kile cha kufunguka, nyingi hufunguka na kusimama kabla ya kufika zile sentimita 30. Ikiwa na koti zima la shaba, inafika, lakini haifunguki. Unachagua kimojawapo. 9mm inakupa vyote viwili. Hata hivyo, .380 unayoipiga pale unapolenga ni bora kuliko 9mm inayokufanya ufumbe macho. Kuna bastola za .380 zenye ukubwa wa wastani ambazo slaidi yake, ile sehemu ya juu inayovutwa nyuma, ni laini kuvuta, na kwa mtu mwenye viganja visivyo na nguvu au baridi yabisi hizo ni msaada wa kweli.

Na tafadhali, mama, isiingie kwenye pochi. Pochi ndicho kitu cha kwanza kunyakuliwa, ikienda imeenda na silaha. Iwe mwilini, kwenye holsta ngumu inayofunika triga yote.

Kijana wa Bungoma

Mwalimu naomba ufafanue hilo la tundu nchani na koti. Na je, kule kwenu Nakuru mko juu ya mita 1,800 na Kisumu ni 1,100 na kitu, risasi haibadiliki? Swali la mwisho: si afadhali kupiga hewani kwanza kumtisha mtu?

Mwalimu wa Shabaha, Nakuru

La mwinuko nalimaliza kwa sentensi moja: kwa umbali wa mita tano au saba ambao bastola hutumika, hewa ya Nakuru na ya Kisumu haikuongezei wala kukupunguzia chochote unachoweza kukiona kwenye shabaha.

Koti zima la shaba maana yake kichwa cha madini ya risasi kimefunikwa kote kwa shaba. Kinateleza vizuri kuingia chemba, pale risasi inapokaa tayari kufyatuliwa, na kinapenya sana. Kwenye jelatini, 9mm ya koti hupita sentimita 60 kwa urahisi, yaani inapita mtu na bado ina nguvu. Ya tundu nchani hufunguka ikikutana na majimaji ya mwili, kipenyo kikaongezeka mara moja na nusu hivi, nayo ikapunguza mwendo. Vitani ilikatazwa na Azimio la Hague la 1899, ila polisi wa nchi nyingi huitumia mijini kwa sababu hiyo ya kutopita mtu. Nchi hutofautiana kuhusu raia, hivyo nunua kile tu ambacho cheti chako na duka lenye leseni vinakiruhusu. Kama ulicho nacho ni cha koti, basi jukumu la kutazama nyuma ya mtu linakuwa kubwa maradufu.

Hapa ndipo napataka. Bati la nyumba haliisimamishi risasi yoyote niliyoitaja hapo juu, hata .32. Plaiwudi na jipsamu zile za kugawia vyumba, hivyo hivyo. Mlango wa mbao, hivyo hivyo. Ukuta wa udongo usiutegemee. Ukuta wa mawe ya machimbo husimamisha risasi nyingi za bastola, lakini dirisha lililo katikati yake si mawe. Na wanaodhani .45 kwa kuwa ni nzito na ya taratibu itaishia ukutani, au .380 kwa kuwa ni ndogo, wajue kwamba kwenye bati na plaiwudi zote zinafanana. Huchagui kaliba itakayomlinda mtoto wa jirani. Unachagua pembe. Ukiwa nyumbani, jua leo, mchana, ni upande gani wenye chumba cha watoto, ni upande gani wenye kibanda cha mpangaji, na ni kona gani yenye mawe hadi juu. Kuna nyumba ambayo jibu lake ni kwamba hakuna upande wa kupigia, na hapo mpango wako uwe mlango imara, simu na kelele.

Kupiga hewani: usifanye. 9mm ikirushwa kwa pembe huenda zaidi ya kilomita moja na nusu, na itakaposhuka itashukia mtu, bati au gari. Ukipiga hewani umefyatua silaha hadharani, umepunguza magazini, na bado hujaondoa hatari iliyo mbele yako.

Msafirishaji, Kisumu

Hiyo hesabu ya sentimita 5 nimeifanya mwenyewe na imenikalia. Basi niulize jingine. Huku ziwani ni joto na jasho, bastola iko kiunoni kuanzia asubuhi. Risasi hazipungui nguvu?

Mwalimu wa Shabaha, Nakuru

Jasho hula chuma haraka kuliko watu wanavyofikiri, hasa vilengeo, magazini na vichwa vya skrubu. Pangusa kila jioni kwa kitambaa chenye mafuta kidogo. Lakini mafuta yasifike kwenye risasi zenyewe, hasa zile dawa nyepesi za kupuliza, maana hupenya kwenye kiwashio kilicho kitakoni mwa ganda na risasi ikashindwa kuwaka. Risasi ya kisasa iliyo kavu hukaa miaka. Ya kiunoni zibadilishe kila mwaka, zile za zamani uzipige uwanjani.

Kuna hatari nyingine ambayo nimeiona kwenye bastola za watu wengi, na hii inahusu nguvu moja kwa moja. Jioni unatoa risasi chemba kwa ajili ya usalama wa nyumbani. Asubuhi unairudisha ile ile. Kila inapoingia, kichwa hugonga njia ya kulishia na kusukumwa ndani ya ganda kidogo kidogo. Nafasi ya baruti ikipungua, mgandamizo unapanda. 9mm na .40 zimewekewa kikomo cha pauni 35,000 kwa inchi ya mraba, .45 ni 21,000 tu, kwa hiyo hizo mbili za kwanza hazina huruma, .40 hasa. Bastola inaweza kupasukia mkononi. Weka risasi ya chemba kando ya mpya, uzisimamishe mezani. Ikionekana fupi, hata kwa unene wa ukucha, usiipige. Na zungusha, isiwe ile ile kila asubuhi.

Askari Mstaafu, Eldoret

Hili la kusukumwa ndani wengi hawafundishwi. Nimewahi kuokota uwanjani risasi iliyokuwa imezama vibaya, na mwenyewe alikuwa akijisifu ameitunza tangu anunue bastola. Ongezeni na hili: mnapotoa au kuingiza, mtutu uelekee mahali palepale kila siku, ndoo ya mchanga au kona ya mawe.

Mama Duka, Kiamunyi

Basi Mwalimu, nikija Jumamosi nijaribu .380 ya wastani na 9mm, nitajuaje ipi yangu? Sitaki kuchagua kwa kuhisi tu.

Mwalimu wa Shabaha, Nakuru

Karibu sana, mama. Nitakuwekea karatasi ya ukubwa wa sahani ya chai kwa mita saba. Utapiga tano tano kwa kila bastola, kwanza taratibu, kisha kwa haraka uwezavyo. Tutatazama mambo mawili: zilizotoka nje ya sahani, na muda kati ya risasi moja na inayofuata. Kama 9mm zote zinaingia na muda haujarefuka sana, chukua 9mm. Zikianza kutawanyika kuanzia ya tatu, ni teke, na .380 ndiyo yako kwa sasa. Halafu utavuta slaidi ya kila moja mara kadhaa ukiwa umechoka, mwishoni, maana mwanzoni kila mtu anaiweza. Njoo na cheti chako, kinga ya masikio utaipata hapa, na viatu vya kufunika miguu, kwa kuwa maganda yakitoka ni ya moto.

Msafirishaji, njoo nawe na hiyo .45. Nina nafasi saa nne.